Gari la barabarani linapoingia kwenye uwanja wa mbio: Tairi na springi hubadilishwaje, na kwa gharama gani?

Kila mwaka maelfu ya madereva wa kawaida huyapeleka magari yao ya michezo kwenye viwanja vya mbio, wakitaka kujua uwezo wake mahali pasipo na watembea kwa miguu wala magari yanayokuja mbele. Wengi wao hurudi nyumbani na azma ya kuliongezea gari nguvu. Wenye uzoefu huanzia kwingine: kwenye tairi, na kwenye springi na shokapu zinazolikandamiza tairi hilo ardhini.

Kazi hiyo ina kanuni zake. Kila badiliko linaloongeza uwezo wa gari kwenye kona huhamishia mzigo kwenye sehemu nyingine, na sehemu hiyo isipoandaliwa, hitilafu huonekana gari likiwa katika mwendo mkubwa. Makala hii inaeleza mambo yanayobadilishwa, mpangilio wake na sababu zake, kwa kutumia mfano wa gari moja la Kijapani na barabara moja ya Ujerumani.

Gari lenyewe na barabara yenyewe

Toyota GT86, lililouzwa katika masoko mengine kwa jina la Toyota 86, liliingia sokoni mwaka 2012 kutokana na ushirikiano wa Toyota na Subaru, kampuni ambayo huliuza pacha wake kwa jina la BRZ. Ni gari dogo la milango miwili, lenye injini ya lita 2.0 iliyo mbele na inayosukuma magurudumu ya nyuma. Nguvu yake ni takriban farasi 200 na uzito wake ni karibu kilo 1,240. Injini yake ya silinda nne zilizolala imewekwa chini sana, jambo linalokishusha kitovu cha uzito cha gari zima.

Mhandisi mkuu wa mradi huo, Tetsuya Tada, na wenzake walichukua uamuzi uliowashangaza wapenzi wengi wa magari. Matoleo mengi ya gari hilo yalitoka kiwandani na tairi la upana wa milimita 215 aina ya Michelin Primacy HP, tairi la kawaida linalofahamika zaidi kwa utulivu na uwekevu wa mafuta. Tairi la aina hiyo lilifungwa pia kwenye baadhi ya magari ya Toyota Prius. Nia ilikuwa dereva aweze kuuhisi mteremko wa tairi akiwa katika mwendo wa wastani, bila kulazimika kufikia kasi ya hatari.

Barabara ni Nordschleife, sehemu ya kale ya uwanja wa Nürburgring iliyo katika milima ya Eifel, magharibi mwa Ujerumani. Ilifunguliwa mwaka 1927, na mzunguko wake mmoja una urefu wa takriban kilomita 20.8, huku tofauti kati ya sehemu ya chini kabisa na ya juu kabisa ikikaribia mita 300. Kwa siku na saa maalumu hufunguliwa kwa umma, na mtu yeyote mwenye leseni na gari lililoruhusiwa barabarani hulipa ada na kuingia. Kwa gari kama GT86, barabara hiyo ndiyo mtihani unaoonyesha upesi tairi za kiwandani zinafika wapi.

Eneo la ukubwa wa kiganja

Kila tairi hugusa lami kwa eneo linalolingana na kiganja cha mkono. Viganja hivyo vinne ndivyo vinavyobeba amri zote za dereva: kufunga breki, kukata kona na kuongeza mwendo. Uwezo wa tairi kushika lami una kikomo, nao hugawanywa kati ya kazi hizo. Dereva anayefunga breki kwa nguvu zote hana mshiko uliobaki wa kukata kona, na anayekanyaga mafuta katikati ya kona huupunguza mshiko unaolizuia gari lisitoke nje.

Ndiyo maana badiliko la kwanza lenye maana huwa ni tairi. Tairi za viwanjani zinazoruhusiwa pia barabarani, kama vile Michelin Pilot Sport Cup 2, zina mpira laini zaidi, kuta ngumu zaidi na mifereji michache. Mpira laini hujibana kwenye vinyweleo vya lami, kuta ngumu hulizuia tairi lisijikunje chini ya rimu, na uchache wa mifereji huongeza eneo linaloigusa barabara.

Mnunuzi hawezi kuupima ulaini wa mpira kwa macho, lakini tairi zinazouzwa Marekani huandikwa ubavuni tarakimu ya uvumilivu wa uchakavu. Tairi la kulinganishia hupewa 100, na lenye 200 linatarajiwa kudumu mara mbili yake katika jaribio hilo. Tairi za kawaida za familia mara nyingi huwa juu ya 300, ilhali zile za viwanjani huwa 200 au chini yake. Kwa kawaida, mshiko mkubwa huandamana na tairi linalokwisha haraka.

Gharama nyingine huonekana mvua inaponyesha. Mifereji ya tairi hufanya kazi ya kuyakimbiza maji kutoka chini ya mpira. Tairi lenye mifereji michache likikutana na dimbwi katika mwendo mkubwa huelea juu ya maji, na usukani hubaki bila kazi. Katika milima ya Eifel, ambako upande mmoja wa barabara unaweza kuwa mkavu na mwingine umelowa, dereva mwenye tairi hizo hulazimika kupunguza mwendo kuliko mwenzake mwenye tairi za kawaida.

Umri nao huhesabiwa. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa: 2319, kwa mfano, humaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira hukakamaa kadiri miaka inavyopita hata kama tairi halijatumika. Tairi la bei nafuu lililokaa ghalani miaka mingi laweza kuwa na mifereji mizima na mshiko hafifu.

Upepo: marekebisho yasiyo na bei

Badiliko rahisi kuliko yote ni kiasi cha upepo, nalo ndilo linalosahaulika mara nyingi. Hewa iliyofungiwa ndani ya tairi hupanda shinikizo kadiri inavyopata joto, kwa kiasi cha kati ya psi 1 na 2 kwa kila ongezeko la nyuzijoto 10. Tairi lililojazwa psi 35 asubuhi ya nyuzijoto 20 litakuwa limepita psi 40 hewa yake ikifika nyuzijoto 60, hali ya kawaida baada ya mizunguko michache ya kasi.

Upepo ukizidi, katikati ya tairi huvimba na kingo zake hupoteza mguso na lami. Ukipungua mno, kuta hujikunja, tairi huzidi kuchemka, na upo uwezekano wa mpira kuchomoka kwenye rimu. Kwa hiyo madereva wa viwanjani hupima upepo mara watokapo barabarani, tairi likiwa bado moto, na kuupunguza kidogo kidogo. Kabla ya safari ya kurudi nyumbani, baada ya tairi kupoa, upepo hurudishwa katika kiwango cha kiwandani. Kuisahau hatua hiyo ya mwisho ni kuendesha barabara kuu na tairi lililopungukiwa upepo, chanzo kinachojulikana cha tairi kupasuka.

Mwinamo wa gurudumu

Gari likikata kona, bodi hulala upande wa nje. Katika GT86, magurudumu ya mbele yameshikwa na mfumo wa shokapu na springi zilizounganishwa kuwa nguzo moja, na kiwandani huwekwa karibu wima kabisa. Bodi inapolala, gurudumu la nje hulala pamoja nayo, hivyo tairi hukanyagia ukingo wake wa nje. Baada ya siku moja uwanjani, ukingo huo huweza kuwa umelika huku upande wa ndani ukiwa bado mpya.

Tiba yake ni kuliinamisha gurudumu mapema, sehemu yake ya juu ikielekea ndani, ili litakapobanwa na kona lisimame wima. Boliti maalumu za kurekebishia huweza kutoa takriban digrii moja, na anayetaka zaidi hufunga sahani za kurekebishia juu ya nguzo. Magari ya aina hii yanayotumika sana viwanjani mara nyingi huwa na mwinamo wa kati ya digrii 2 na 3 mbele.

Kipimo cha haki ni joto la mpira. Mara gari lisimamapo, fundi huchoma sindano ya kipimajoto sehemu tatu za tairi: ndani, katikati na nje. Nje pakiwa na moto kuliko ndani, mwinamo hautoshi. Ndani pakizidi kwa tofauti kubwa, umepita kiasi. Kwa kipimo hicho dereva huacha kukisia na hujua fedha yake itumike wapi.

Mwinamo mkubwa hulipiwa pia. Kwenye barabara iliyonyooka tairi hukanyagia ukingo wa ndani, breki za ghafla hupoteza sehemu ya mshiko, na uelekeo wa magurudumu usipopangwa upya kwa alaimenti, ukingo huo wa ndani hulika hadi nyuzi za waya zikaonekana mahali ambapo mwenye gari haoni asipoinama.

Kilo 400 zinazohama

Wanaofunga springi ngumu mara nyingi huamini kwamba zinazuia uzito usihamie upande mmoja. Hesabu inaonyesha vingine. GT86 yenye dereva ina uzito wa karibu kilo 1,320, kitovu chake cha uzito kiko takriban sentimita 46 juu ya ardhi, na umbali kati ya tairi la kushoto na la kulia ni karibu mita 1.5. Gari hilo likikata kona kwa nguvu ya pembeni inayolingana na uzito wake, karibu kilo 400 huhama kutoka tairi za ndani kwenda za nje. Springi ngumu au laini, kiasi hicho hubaki karibu vilevile, kwa kuwa hutegemea uzito, kimo na upana.

Springi na shokapu hubadilisha namna na kasi ya uzito huo kufika, pamoja na mgawanyo wake kati ya mbele na nyuma. Springi ngumu hupunguza kulala kwa bodi, hivyo tairi hubaki katika mwinamo uliopangwa na gari huitikia usukani upesi. Shokapu nayo huutuliza mruko wa springi, ikigeuza nguvu ya mtikisiko kuwa joto. Springi ikiongezwa ugumu na shokapu ya zamani ikaachwa, gari huendelea kudunda baada ya kila tuta, na kila linapodunda tairi hulemewa na kupunguziwa uzito kwa zamu.

Wengi hununua seti ya koilova, yaani springi na shokapu zilizotengenezwa kwa pamoja na kuwekewa nyuzi za kupandisha au kushusha kimo cha gari. Seti nzuri ina manufaa yake, lakini mizunguko mingi ya vitufe vyake humpa mnunuzi nafasi nyingi za kukosea. Shokapu iliyokazwa mno wakati wa kunyooka huzuia gurudumu kushuka kabla ya tuta linalofuata. Matuta yakifuatana, gari huzidi kujikunja chini hadi springi zikose nafasi ya kufanya kazi.

Nordschleife huliadhibu kosa hilo upesi. Pale Fuchsröhre, gari hushuka mteremko mkali na kukandamizwa chini bondeni. Pale Pflanzgarten, barabara huinuka na kushuka kiasi cha kulifanya gari jepesi karibu liruke. Katika kona ya Karussell, magurudumu hupita juu ya zege lililoinamishwa lenye viungo na mitikisiko. Springi zinazofaa kwenye uwanja tambarare huweza kuliacha tairi hewani huko, na tairi lililo hewani halina mshiko hata kama ni la bei gani.

Kulishusha gari

Kushusha kimo cha gari hushusha kitovu cha uzito, na kwa hiyo hupunguza kidogo uzito unaohama. Hata hivyo, katika mfumo wa nguzo kama ule wa mbele wa GT86, gari likishushwa kupita kiasi mikono ya chini ya suspensheni huinuka kuelekea nje. Sehemu ambayo bodi huizunguka inapolala hushuka haraka kuliko bodi yenyewe, na wenzo unaoilaza bodi hurefuka. Mwenye gari hushangaa kuona limeshuka na bado linalala, kisha huongeza ugumu wa springi kutibu tatizo aliloliunda mwenyewe.

Zaidi ya hayo, nafasi ya shokapu kujikunja hupungua. Inapokwisha, bodi hugonga mpira wa kikomo, na kwa nukta hiyo ugumu wa upande ule hupanda ghafla. Likitokea katikati ya kona, tairi huweza kuachia bila onyo. Milimita 15 hadi 25 chini ya kimo cha kiwandani mara nyingi hutosha kwa gari linaloendeshwa pia mjini.

Stabilaiza na mgawanyo wa mshiko

Tairi lina tabia moja inayoeleza mengi: likiongezewa uzito maradufu, mshiko wake huongezeka, lakini haufiki maradufu. Kwa hiyo ekseli ambayo uzito wake umerundikwa kwenye tairi moja la nje hupoteza kuliko ile iliyougawanya vizuri.

Stabilaiza, fimbo ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, hutumia tabia hiyo. Ikifanywa ngumu mbele, tairi la mbele la nje hubebeshwa zaidi, na pua ya gari hukataa kukata kona. Ikifanywa ngumu nyuma, mkia huwa mwepesi kuchomoka. Watengenezaji wengi huliacha gari la barabarani likielemea upande wa kwanza, kwa sababu dereva aliyeshtuka huondoa mguu kwenye mafuta, na kwa gari la namna hiyo kitendo hicho husaidia. Kwa gari ambalo mkia wake umelegezwa kwa stabilaiza ngumu ya nyuma, kitendo hichohicho huweza kulizungusha.

Tairi bora huomba breki bora

Mshiko ukiongezeka, gari huingia kwenye kona kwa kasi zaidi na kufunga breki kwa kuchelewa, hivyo joto la breki hupanda. Mafuta ya breki ya kiwango cha DOT 4 yanatakiwa kuchemka si chini ya nyuzijoto 230 yakiwa mapya, lakini hunyonya unyevu wa hewa, na yakishalowa kiwango hicho cha chini huwa nyuzijoto 155. Yakichemka hutoa mapovu, na kanyagio huzama hadi sakafuni bila gari kusimama. Kubadilisha mafuta hayo na pedi za breki kabla ya siku ya uwanjani ni gharama ndogo kuliko zote zilizotajwa hapa, na ndiyo inayookoa maisha kwanza.

Vivyo hivyo, bushi zilizochoka na boliti za magurudumu zilizokazwa kwa kukisia hushindwa upesi chini ya tairi linalong'ang'ania lami. Boliti hukazwa kwa spana ya kipimo, kwa kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha gari, na hukaguliwa tena baada ya mizunguko ya mwanzo.

Sheria inasemaje?

Nordschleife inapofunguliwa kwa umma huhesabiwa kuwa barabara ya kulipia ya uelekeo mmoja, na sheria za usalama barabarani za Ujerumani hutumika. Kupitana hufanywa upande wa kushoto, na kujipima muda ni marufuku. Mifereji ya tairi haipaswi kuwa chini ya milimita 1.6.

Kwa mujibu wa kanuni za usajili za nchi hiyo, badiliko linaloweza kuhatarisha watumiaji wa barabara hufuta kibali cha gari kutembea. Kwa sababu hiyo springi na koilova huuzwa pamoja na hati za kitaalamu, na mara nyingi gari hupelekwa kwa wakaguzi kama TÜV au DEKRA, kisha badiliko huingizwa katika nyaraka zake. Asiyefanya hivyo hujiweka katika mgogoro na bima, na anayegonga kingo za chuma za barabara hiyo hudaiwa gharama za matengenezo.

Gari linaporudi barabarani

Suala hili linawagusa pia wanunuzi wa Afrika Mashariki, ambako sehemu kubwa ya magari huagizwa yakiwa yametumika Japani. Gari la michezo laweza kufika bandarini likiwa tayari na springi fupi, mwinamo mkubwa au tairi zilizokakamaa, na muuzaji asiseme neno. Kuinama na kutazama ukingo wa ndani wa tairi, kusoma tarakimu nne za ubavuni na kuomba vipimo vya alaimenti huchukua dakika chache. Springi zinazofaa lami laini hukutana vibaya na matuta na mashimo ya barabara ya kila siku.

Kwa anayekusudia kuliandaa gari lake, mpangilio unaokubalika na wengi ni huu: mafunzo ya udereva na ukaguzi wa gari, mafuta na pedi za breki, tairi na upepo wake, mwinamo wa magurudumu, kisha springi na shokapu, na stabilaiza mwishoni. Jambo moja libadilishwe kwa wakati, lipimwe, na liandikwe.

Sababu ya kuitanguliza elimu ya dereva ni hii: tairi za kawaida za GT86 hulia na kuteleza mapema, gari likiwa katika mwendo ambao dereva bado anaweza kusahihisha kosa. Tairi za uwanjani hukaa kimya zaidi na huachia katika kasi kubwa, zikimpa muda mfupi wa kutenda. Aliyejifunza kuusikia mlio wa tairi la kwanza atakuwa na kitu cha kumsaidia siku atakapofunga la pili.